Nani Alitoa Jiwe Kwenye Tairi la Bajaji

Siku ya kwanza kupanda kizimbani nilivaa viatu vya binti yangu. Vilinibana, na nikaamini kabisa kwamba hata hivyo viatu ni mpango wa polisi, ili nishindwe kukimbia. Ndivyo nilivyokuwa kipindi kile. Namshuku karani, namshuku mlinzi wa getini, namshuku hata mama anayeuza chapati nje ya mahakama. Kila nikipita ananiuliza, "Bibi, leo kesi yako saa ngapi?" Ya nini aulize? Ametumwa na nani?

Karani ana sauti ya mtu aliyebanwa pua na kibanio cha nguo. "Mshitakiwa, una makosa mawili. La kwanza, kuchukua chombo cha moto bila ridhaa ya mwenyewe. La pili, kuendesha chombo cha moto barabarani bila leseni. Ni kweli au si kweli?"

Chombo cha moto! Mimi chombo cha moto nilichokiendesha maisha yangu yote ni jiko la mkaa.

"Si kweli," nikasema.

Nyuma yangu nikamsikia binti yangu anavuta pumzi. Nyumbani alikuwa ameshanipanga: "Mama, kubali tu yaishe. Wenzio wote wa kesi za barabarani wanakubali, wanatoka, wanarudi nyumbani." Na yule afande aliyeniandikisha maelezo naye aliniambia hivyohivyo, kwa sauti ya asali: "Bibi, ukikubali hata nusu saa haifiki." Watu wawili wasiojuana wanakuambia neno lilelile? Nikajua hapo kuna jambo.

Na mimi sikukataa kwa kiburi. Kufungwa sikukuogopa sana, nimelima mashamba ya Mpitimbi tangu utoto, jembe la gereza halinishindi. Niliogopa jina. Nikikubali kwamba nilichukua bila ridhaa, tena msibani, basi mimi ni mwizi wa msiba. Na tayari lilishaanza. Tangu nikamatwe, misiba miwili ya watani wangu ilipita hapa Matogoro, hakuna aliyekuja kuniita. Nilikaa mlangoni nasikiliza vilio vya watu, nimekunja mikono kama mgeni.

Asiyejua utani wetu nimweleze. Jirani yangu alikuwa Myao wa Tunduru. Mimi Mngoni niliyeolewa hapa. Miaka thelathini tuliitana watumwa. Nikipika, anaingia bila hodi, anafunua chungu changu, anasema, "Mtumwa wangu, chumvi haitoshi." Akifuga kuku, naingia bandani mwake nachukua mmoja mchana kweupe, namwambia mtumwa hana mali. Hakuna aliyewahi kununa. Na akifa mmoja wetu, mwenzake ndiye mwenye kazi ya kuwachekesha waliobaki. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, anafanya vituko mpaka mjane acheke huku machozi yanamtoka. Na kitu alichokichukua mtani msibani hakirudi hivihivi. Wafiwa wanakikomboa kwa kuku. Kuku akishakabidhiwa, kitu kinarudi nyumbani na msiba umekwisha.

Basi mtani wangu akaugua miezi miwili, akafa. Alikuwa dereva wa bajaji. Walimzika siku ileile, kama Waislamu wanavyozika, na mwanawe mkubwa aliyeko Dar es Salaam hakuwahi. Siku ya tatu, dua imeshasomwa, wanaume wako kwenye mikeka nje, mjane kakaa ndani kaukodolea macho ukuta. Hajala, hajasema, hajalia. Shemeji yake mmoja akaita, "Jamani, mtani yuko wapi? Huyu atatufia na yeye!"

Nikaingia. Nikamwambia mjane, "Nipe koti." Akanyoosha kidole msumarini, na ufunguo wa bajaji umo mfukoni humohumo. Lilikuwa koti la kaki zito, la kuzuia baridi yetu ya mwezi wa saba, linanuka oili na tangawizi. Nikalivaa. Nikashusha bega la kushoto, maana lake lilikuwa limeshuka kwa kuegemea dirisha la bajaji. Nikakohoa mara mbili, maana yeye hasemi neno bila kukohoa mara mbili.

"Khhu, khhu. Mama, hiyo chai inaiva au imepotea njia?"

Watu wakaanza kuguna. Nikatoka nje. Nikawaambia wale wa kwenye mikeka, "Khhu, khhu. Mmejaa hivi, mbona nilipokuwa naumwa hamkujaa?" Wakacheka. Nikapanda bajaji. Ilikuwa pale mlangoni, juu ya mteremko, breki ya mkono ilishakufa zamani, imezuiwa na jiwe chini ya tairi la mbele.

"Mjini! Mjini! Bado mmoja!" Na kwake yeye bado mmoja maana yake bado watatu. Nikafanya injini kwa mdomo: "Trrr-ka-ka-ka-ka-pwah! Trrr-ka-ka-ka!" Nikawagombeza abiria. Nikamgombeza trafiki. Nikamwita mkewe, "Mama, jiwe! Nachelewa mimi!" Nikajibana kwenye usukani, macho nimefumba, injini inaunguruma mdomoni, watu wanashika mbavu.

Nilipofumbua macho niliona mparachichi wa jirani unarudi nyuma. Nikasema, mbona mti unatembea? Kumbe ni mimi ninayekwenda.

Hiyo bajaji ilishuka kama imeitwa. Ikavuka barabara, ikapishana na bodaboda iliyokuwa inapanda, ikapita kwenye ua wa mabua, ikasimama kwenye matuta ya viazi. Hakuna aliyeumia. Nilitoka humo na majani ya viazi kichwani, bado nimevaa koti, na watu wanakuja mbio, wengine wanacheka, wengine wanapiga kelele.

Kwenye ile bodaboda alikuwa yule mtoto wa marehemu, anatoka stendi na begi lake. Hakusalimia. Alisimama katikati ya barabara ananitazama, uso umekauka kama ngozi ya ngoma. Kisha akatoa simu. Haikupita muda trafiki akafika na nguo zake nyeupe, akapima barabara kwa hatua za miguu, moja, mbili, tatu, kama mtu anayegawa kiwanja.

Kwenye maelezo wakaandika kwamba jiwe nililitoa mimi. Kesi yote ikaning'inia hapo. Kama jiwe nililitoa mimi, basi nilikusudia kuondoka na bajaji ya watu. Kama si mimi, ni nani?

Sasa hilo ndilo lililoninyima usingizi. Nani alitoa jiwe? Nilimshuku kinyozi wa upande wa pili, alikuwa anaimezea mate ile bajaji tangu mwenyewe alipoanza kuugua. Nilimshuku yule shemeji aliyeniita. Kwa nini aliniita kwa sauti kubwa vile? Nilimshuku hata padri wetu, na padri siku hiyo hakuwepo. Halafu afande akanionyesha karatasi. Chini yake, kwenye mistari ya walalamikaji, palikuwa na dole gumba la wino. "Hili ni la mjane," akasema.

Mimi sikusoma, lakini dole gumba najua. Nilikaa chini.

Kati ya nyumba yangu na yake ni ua wa mabua tu. Nikikohoa anasikia. Asubuhi tulikuwa tunasalimiana bila kuonana, kila mtu na ufagio wake. Tangu siku ile nikawa nafagia kimya. Na yeye anafagia kimya. Nikajisemea, miaka thelathini, kumbe alikuwa ananihesabia kuku zake.

Binti yangu akanitafutia wakili, dada mdogo mdogo wa msaada wa kisheria, anavaa sketi nyeusi na raba. Hataki hata soda. Mtu anayekutetea na hataki hata soda? Nikamuuliza, "Wewe nani anakutuma?" Akacheka taratibu. Ana sauti ya kubembeleza mtoto alale: "Bibi yangu, sikiliza. Mule ndani usimwigize mtu yeyote. Usimkatize hakimu. Unajibu ulichoulizwa, unanyamaza."

Ninyamaze! Ndiyo kusema nifungwe nikiwa nimenyamaza.

Na siku moja nikamwona nyuma ya mahakama anakula chapati na mwendesha mashitaka. Yuleyule anayenishitaki! Wamegawana chapati moja, wanacheka mpaka meno ya mwisho. Alipokuja nikamkazia macho.

"Bibi, yule tumesoma naye chuo."

"Ndicho ninachokiogopa hicho."

Kesi ikaahirishwa mara tano. Mwendesha mashitaka anasimama, anavuta suruali juu, anasema kwa sauti ya redio, "Mheshimiwa hakimu, upelelezi haujakamilika." Upelelezi gani? Bajaji ipo, viazi vipo, mimi nipo. Nadhani walikuwa wanasubiri nife, wapate nafasi kwenye kabati la mafaili.

Mara ya sita mashahidi wakaja. Wa kwanza yule mtoto wa marehemu. Nilimsubiri kwa hamu, nimeshika rozari yangu, nasema leo tutasikia uongo wa Dar es Salaam. Kumbe ana sauti ndogo. Mwendesha mashitaka akamuuliza aliona nini.

"Nilikuwa kwenye bodaboda," akasema. "Kumzika baba sikuwahi. Nilikuwa bado Dar es Salaam natafuta tiketi nikapigiwa simu kwamba wameshazika, eti nisiharakishe. Sasa napanda ule mlima wa nyumbani, nasikia bajaji ya baba. Ile injini naijua, kila likizo ilikuwa inaniamsha. Natazama juu, naona koti la baba. Bega lake lilivyoshuka. Anakuja. Nikasema, wamenidanganya. Yuko mzima. Nikainua mkono kumpungia."

Hata feni nilisikia inavyolalamika.

"Halafu nikaona ni huyu bibi. Na watu wote wanacheka."

Nilitazama viatu vya binti yangu miguuni mwangu. Tangu nizaliwe nimesifiwa kwa kuiga watu. Sikuwahi kufikiria kwamba naweza kuiga mtu vizuri kupita kiasi.

Lakini shaka haikuniacha. Nikasema moyoni, anasimulia vizuri huyu, labda amefundishwa. Wakili wangu akasimama, akamuuliza mambo mawili tu. "Utani wa Wangoni na Wayao unaufahamu?" Akasema anausikia tu, yeye amelelewa kwa mjomba wake mjini. "Jiwe ulimwona bibi akilitoa?" Hakumwona. Lakini injini aliisikia, hiyo ataapa hata mara mia.

Trafiki naye akaja, kifua mbele. "Mheshimiwa, kwa uzoefu wangu, chombo kile kilikuwa kinaendeshwa." Wakili akamuuliza alifika lini. Baadaye. Injini aliikuta inawaka? Haikuwa inawaka. Aligusa kama ni ya moto? Hakugusa. "Asante, afande, kaa."

Shahidi wa tatu wakamwita mjane.

Aliingia na kanga nyeusi, amepungua, hakunitazama. Akaapa. Mwendesha mashitaka akamwonyesha ile karatasi. "Mama, hili dole ni lako?"

"Ni langu."

Nikafumba macho.

"Kwa hiyo unathibitisha kwamba mshitakiwa alichukua bajaji bila ridhaa yako."

"Nani kasema?"

"Mama, ndivyo karatasi inavyosema."

"Mimi hiyo karatasi sikusomewa. Mwanangu aliniambia ni karatasi ya bajaji, bandika dole hapa. Nikabandika. Ningejua mnataka kumfunga mtani, ningebandika na miguu kukataa."

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza. Huyo hakimu anasema polepole kama mtu anayechambua mchele, neno moja, anatazama, neno lingine. "Mama. Koti. Nani alimpa?"

"Mimi. Nani mwingine angelivaa? Mtoto wangu hakuwepo."

"Na ufunguo?"

"Umo mfukoni mwa koti. Nilijua umo."

Wakili wangu akasimama. Nilimwona amesita, kama mtu anayeingia maji asiyoyajua kina. "Mama, jiwe lililokuwa chini ya tairi, unajua nani alilitoa?"

Mjane akatazama mikono yake, akaigeuza, kama anaitafutia kitu.

"Mimi," akasema.

Mwendesha mashitaka akadondosha kalamu.

"Bajaji ile haikuwa na betri ya maana. Kila alfajiri mume wangu alikuwa anapanda, anakohoa, ananiita, 'Mama, jiwe! Nachelewa mimi!' Natoka jikoni natoa jiwe, inashuka mlima, huko chini inawaka. Miaka na miaka. Siku ile niko ndani. Nikasikia ananiita. Sikufikiri. Nilikuta niko nje nimeshika jiwe, macho ya watu yote kwa mtani, na bajaji imeshaondoka." Akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Mtani, nilikuwa naona aibu kukuambia. Ungenicheka."

Na kweli ningemcheka. Lakini pale nilishindwa. Nilikuwa nimemshuku miezi mingapi? Kila ufagio wake niliusikia kama ufagio wa adui, kumbe mwenzangu alikuwa anafagia na aibu yake.

Nikadhani yamekwisha. Wapi! Limebaki la leseni. Mwendesha mashitaka akasimama tena, suruali juu: jiwe hata litolewe na nani, injini iliwaka, shahidi ameisikia, na anayewasha injini barabarani ni dereva. Basi nikapanda kujitetea. Wakili akanisogelea, akasema kwa ile sauti yake ya kulaza watoto, "Bibi, ieleze mahakama, ile injini iliwakaje?"

"Haikuwaka. Nilifanya kwa mdomo."

"Unaweza kuifanya hapa?"

Nikamtazama. Miezi yote ananiambia ninyamaze, nisiigize mtu, na leo mbele ya hakimu ananiambia nifanye kelele? Nikakumbuka ile chapati. Nikasema ndiyo hapa sasa, nikiunguruma tu nakamatwa upya kwa kuchezea mahakama, na hawa wawili wanakwenda kupongezana nyuma ya jengo. Nikamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, nikifanya, utanifunga?"

"Fanya," akasema.

"Sema mbele ya watu hawa wote kwamba hutanifunga kwa hilo."

Hakimu akashusha miwani. "Sitakufunga. Kwa hilo. Fanya."

Nikashusha bega la kushoto. Nikakohoa mara mbili. "Trrr-ka-ka-ka-ka-pwah! Trrr-ka-ka-ka-ka!"

Mlinzi wa getini akaja mbio mpaka mlangoni, akatazama kushoto na kulia, akauliza, "Nani kaingiza bajaji huku?"

Hakimu akajifunika uso kwa faili. Faili likawa linatikisika. Lakini mimi nilikuwa namtazama yule mtoto. Alikuwa ameinama, kaweka mikono masikioni, halafu akaitoa. Akasikiliza.

Hukumu ikatoka baada ya wiki mbili. Koti lilitolewa na mjane, jiwe lilitolewa na mjane, injini ilikuwa mdomoni mwa mshitakiwa, na kwa mdomo sheria haidai leseni. Nikaachiwa huru. Nilimwambia karani arudie, maana nilishuku sikusikia vizuri. Akarudia, pua imebana vilevile. Koti lililokuwa kielelezo wakataka kumrudishia mjane. Akakataa. "Mpeni mtani. Halijakombolewa."

Nje nilimtafuta wakili wangu. Alikuwa kwa yule mama wa chapati, na mwendesha mashitaka, wamegawana tena. Nikawaambia, "Nawaona." Wakanipa kipande. Nilikinusa kwanza.

Yule mtoto akaja, akainama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kuku yuko wapi?"

"Kuku gani?"

Mama yake akamweleza. Kesho yake akaja mlangoni kwangu na mfuko. Nikafungua. Kuku wa dukani, ameganda kama tofali, hana kichwa, hana miguu, hana unyoya! Mjane alicheka mpaka akashika ua wa mabua ukalala. Nikamwambia yule mtoto, "Mtumwa wangu, huyu amekombolewa yeye kabla hajakomboa koti. Lete anayepiga kelele." Kuku mwenyewe tulimla. Lakini hakuhesabiwa.

Mtoto akarudi Dar es Salaam. Koti liko kwangu, msumarini. Kila baada ya siku chache ananipigia simu. "Shikamoo, bibi. Koti lipo?"

"Lipo. Kuku je?"

"Natafuta, bibi."

Anatafuta nini mji mzima wa kuku ule? Simjui mimi? Hataki kulikomboa. Akishasema hivyo hakati simu, ananyamaza tu, nasikia anavyohema. Mimi nachungulia nje kama hakuna trafiki, nashusha bega, nakohoa mara mbili.

Na ng'ambo ya ua mjane anaacha kufagia.